Kinga ya Boneti

Kwa mara ya tatu dereva alikandamiza kinga ya plastiki kwenye ukingo wa boneti, akahesabu hadi thelathini, akaachia. Gundi ikabanduka tena. Alipopitisha kidole kwenye bati, kikateleza.

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni, anatabasamu. Alihamia nyumbani kwa dereva juzi, na tangu hapo hakuachiwa hata kikombe cha kuosha.

"Umeona inavyong'aa, mwanangu? Nimeipaka mafuta yangu ya kujipaka, nikasugua mpaka bega likauma."

Dereva alifuta kidole kwenye suruali.

"Inang'aa, mama. Hata ndevu naweza kunyolea hapa."

"Sasa mbona hicho kidude kinagoma?"

Hakutaka kumdanganya. "Gundi na mafuta haviivi chungu kimoja. Tuyatoe kwa sabuni, pakauke mpaka kesho."

Tabasamu la mama likafifia. "Basi nimekuharibia."

"Wala. Hata mimi nilikuwa naibandika upogo, peke yangu siwezi kushika pande zote mbili. Kesho wewe shika kule, mimi huku."

Akaiegemeza kinga ukutani. Mama alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, anauliza ndoo iko wapi.