Waya Mweusi wa Spika

Mtalaka wangu aliposimama mbele ya wageni wa harusi yake mpya na kusema, "Hii amplifaya nimeiunda kwa mikono yangu mwenyewe," nilikunja miguu, nikatulia. Nilikuwa mstari wa mbele, na kwenye pochi nilikuwa na transista nne mpya nimezifunga kwenye kitambaa.

Niliiunda mimi. Alinifukuza ikiwa bado mezani, akabadilisha kufuli ya karakana, akabandika jina lake juu ya kasha. Nyumba nilimwachia. Hii sikumwachia, na nilitaka aitapike mbele za watu.

Yeye ni fundi, tena mzuri, ila wa amplifaya za zamani, zile zinazoubana umeme kama mtu anayebana bomba kwa kidole, na mwingi wake ukaishia kuwa joto. Yangu haibani. Transista zake zinawaka na kuzimika kama swichi, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Wimbi la sauti likipanda zinakaa zimewaka kitambo kirefu zaidi, likishuka kitambo kifupi. Mwishoni koili inaulainisha ule umeme uliokatwakatwa, spika inapata muziki mtupu. Ndiyo maana ni ndogo na haichemki. Yeye alikuwa akiiita boksi la viatu.

Ana tabia moja. Nyaya nyeusi za spika zote huzisokota pamoja na kuzibana kwenye bolti ya kasha. Kwenye zile za zamani haina neno, waya mweusi umelala tu. Kwenye yangu mweusi nao unasukumiwa umeme, una transista zake; ukigusa kasha, zinaungua. Nilimwambia mpaka koo likakauka. "Wewe nawe! Mweusi ni mweusi," akajibu huku anacheka. Na kinga ya kukata umeme nilikuwa sijaifunga aliponitoa.

Sasa alichuchumaa, akazisokota. Mama mkwe, aliyeketi kando yangu na ambaye hajaacha kuniita mkwe, aliniinamia. "Mkwe, mbona unamwangalia hivyo? Kuna kitu kakosea?"

"Hakuna, mama. Si ameiunda yeye?"

Nilisema hivyo na moyo wangu ukaona raha, sifichi.

Mtalaka wangu akabonyeza swichi. Paa! Moshi ukapanda, bibi harusi akaruka na shela lake, watu wakaangua kicheko. Naye, jasho likimtiririka, akaninyooshea kidole. "Si mimi! Huyu ndiye aliyeiunda! Takataka yake hii, kila kitu humu ndani ni chake!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo tangu aliponifungia mlango.

Nikainuka, nikachomoa plagi, nikafungua nyaya zake moja moja, nikabandua jina lake. "Mmemsikia wenyewe," nikasema, nikaikumbatia amplifaya yangu. Zilizokufa ni transista tu, na nyingine ninazo.

"Mkwe, sasa muziki?" mama mkwe akauliza.

"Mwanao ana mdomo, mama. Aimbe."