Benchi la Kando ya Bwawa la Pengwini

Mama Nagisa alikuwa mtu wa kupima. Mwanawe wa miaka minne hakuogopa maji hata kidogo, basi kila palipo na bwawa, mama mtu alitazama ukuta kwanza, ndege baadaye.

Bustani ya wanyama ya zamani, mjini kwao, ilikuwa na kibwawa cha pengwini kisichozidi bafu la umma. Sakafu saruji tupu, ndege wamesongamana, wengine wana vidonda vya nyayo. Lakini kioo chake kilimpita mtu mzima kwa urefu. Bustani hii mpya, waliyoifikia kwa treni asubuhi hiyo pamoja na jirani na mwanawe, bwawa lake lilikuwa uwanja mzima: vilima vya mawe, kokoto, na maji ya kina kirefu ambamo pengwini walipita kama mishale. Ukuta wake ulikoma kiunoni, ili watu wawaone ndege kwa karibu.

"Huu mfupi," alisema Mama Nagisa.

"Umeanza!" Jirani yake, Mama Rentaro, alicheka. "Wewe hata supu unaipima kina kabla hujainywa. Tazama ndege walivyonona! Wale wa kwetu wanasimama tu kama watu wanaongoja basi."

Mama Nagisa aliwatazama. Ndege walikuwa na raha, macho yalishuhudia.

Wakati wa kuwalisha ulipofika, watu walijaa.

"Mama, sioni! Naona matako ya watu tu!" Nagisa alilalamika.

Palikuwa na benchi la mbao limeegemea ukuta. "Mpandishe basi," alisema Mama Rentaro, ambaye wa kwake alishapanda. "Wenzako wote wamepandisha."

Akampandisha. Lakini benchi ni la kukalia, halikanyagwi kwa viatu, watu wangemwonaje? Akamvua mwanawe viatu, akamwacha na soksi. Kisha akainama kuvipanga chini, sambamba, ncha zikitazama nje, kama alivyofunzwa tangu mdogo.

Mbao zilikuwa zimelowa kwa maji wanayorusha ndege. Soksi zikateleza. Alipoinua kichwa, benchi halikuwa na mtoto wake.

"Nagisa!"

Mfanyakazi aliyekuwa akilisha alitupa ndoo ya samaki, akajitosa. Pengwini wakatawanyika. Akamtoa mtoto anatapika maji, midomo imepauka, lakini mzima.

"Humu nimezoea kuokota kofia," alisema akihema, "siyo watu."

Mama Nagisa aliinama, akainama tena, akiomba radhi kwa usumbufu. Sikilizeni, kina mama wenzangu: ukuta unaokufika wewe kiunoni haumzuii mtoto ukishampandisha kwenye benchi. Na adabu ya viatu ingoje. Mkono usimwachie mtoto.

Mama Rentaro alikuwa ameshamshusha wa kwake.

"Mama," alisema Nagisa ndani ya taulo, "mmoja amenigusa mguu! Kesho turudi?"

"Tutakwenda kwenye kile kibwawa kidogo cha kwetu," alisema mama yake, na mkono wa mwanawe hakuuachia mpaka ndani ya treni.