Nyumba Iliyorudi Mwanzo

Fundi cherehani aliinua mkono kufungua bomba la jikoni, akashika hewa. Bomba halikuwepo. Ukuta ulikuwa na chokaa safi, bila hata alama ya tundu. Akateremka na ndoo hadi uani akachote kisimani, maana kisima nacho, kilichofukiwa kabla hajaolewa, kilikuwa kimefunguka tena.

Mama mkwe wake, aliyekuwa hatoki kitandani kwa maumivu ya nyonga, aliuliza chai inasubiri nini. Akaambiwa bomba limeondoka. Akasema afadhali bomba. Kinyozi wa chini amekuta duka lake limekuwa banda la farasi, na wateja wamekaa humohumo wanamngoja.

Hayo yalianza kilipogongomewa kibao cha shaba mlangoni, kutangaza kwamba nyumba ni ya kihistoria na itarejeshwa kama ilivyojengwa. Waashi hawakuja. Nyumba ilijirejesha yenyewe. Nyufa zilijifunga. Nyaya za umeme zilijikunja zikapotelea darini, na fundi akarudia cherehani ya kukanyaga. Kila alichopigilia, iwe rafu au ndoano ya pazia, asubuhi alikikuta sakafuni.

Afisa wa majengo ya kale alikuwa akipita kukagua, ameridhika kama daktari aliyeona mgonjwa wake anakula. Fundi alimuuliza waziwazi nyumba itaishia wapi. Afisa akajibu kwamba itaishia mwanzo.

Chumba chao hakikuwepo mwanzo. Kilikuwa kona ya ukumbi mkubwa, na marehemu baba mkwe wake ndiye aliyekikata kwa ukuta mwembamba wa matofali alipopanga hapo akiwa kijana. Ukuta ukienda, chumba kimekwenda. Na kuhama hawezi. Wateja wake walikuwa watu wa ofisi za jirani, wa kuleta suruali ipunguzwe kiuno saa ya chakula na kurudi nayo kazini. Hospitali ya mama mkwe ilikuwa mtaa wa pili; pembezoni mwa mji nani angembeba? Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alipiga simu kusema akirudi ataupiga lipu ukuta huo. Fundi aliuwekea kiganja kama anayepima homa. Ulikuwa umelegea.

Mama mkwe akataka kitanda kisogezwe, alale ameushika.

"Kaujenga mume wangu," alisema. "Nikiushika utaona haya kuondoka."

Asubuhi kitanda kilikuwa katikati ya ukumbi wenye madirisha marefu. Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado umenyooka.

"Umeniponyoka," alisema, kama mtu aliyeangusha kijiko.

Fundi alikuwa akikunja shuka wakati mwenye nyumba wa kwanza alipopanda ngazi na masanduku yake. Alikuwa amekufa zamani sana. Viatu vyake havikutoa sauti. Afisa alimtangulia akimwonyesha dari.

"Mwamkie," mama mkwe akanong'ona. "Kwa umri katuzidi, na kwa kufa pia."

Fundi akamwamkia. Mzee akaitikia vizuri, kisha akamgeukia afisa.

"Hawa ni wa nani?"

Afisa akakunjua mchoro wa nyumba, akauangalia, akaugeuza. "Hawamo, mzee."

"Mume wangu kazaliwa kwenye kona ile," fundi akasema.

"Kona ipo, dada," afisa akamjibu kwa upole. "Imehifadhiwa."

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema enzi zake chini ya ngazi palikuwa na chumba cha watumishi, na kwamba koti lake linamkaa ovyo tangu mazishi. Afisa akatazama tena, akakubali kwamba watumishi wamo.

Kinyozi alisaidia kuteremsha kitanda. Kiliingia chini ya ngazi kwa kulazwa ubavu, na mama mkwe akasema angalau ngazi sasa zitapandwa na wengine. Fundi akatafuta utepe wake wa kupimia, akarudi juu.

Mzee alikuwa amesimama dirishani, mikono ameitanua tayari. Utepe ulipita katikati ya mabega yake bila kugusa kitu. Fundi akapima tena, polepole, maana koti likibana, atakayetolewa nyumbani ni yeye.