Ndoo ya Chini ya Kitanda

Mpaka leo nikisikia harufu ya oili chafu nataka kutapika. Si ujauzito, shangazi aache kunitazama tumbo. Ni ile ndoo.

Nilipoanza mwaka wa kwanza wa uhandisi niliingia karakana na kiburi changu kidogo. Mjomba aliyenilea anachonga funguo kwenye kibanda sokoni, na tupa ya kusugulia chuma nimeishika kabla sijajua kusoma. Naishika kwa mkono wa kushoto. Mjomba alijaribu kunigeuza, akanyoosha mikono.

Fundi wa karakana, tuliyemwita Mzee Milimita, alimgawia kila mwanafunzi vyuma viwili vilivyokatwa ovyo. Kimoja ukichonge ulimi, kingine pengo, ulimi uingie kwenye pengo. Kisha yeye ataviinua dirishani, na mwanga ukipita katikati, imekula kwako. Maksi ni ishirini. Usipofikisha kumi unarudi nyumbani, unakaa mwaka mzima kungoja darasa lijalo. Siku hiyo aliniona ninavyoishika tupa, akaniita fundi. Mimi peke yangu.

Wiki sita nilisugua. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine juu yake. Wenzangu walikuja kupiga soga, wakapitisha tupa mara mbili tatu Mzee akiwatazama, basi. Nikawa nawaonea huruma. Huruma, mimi!

Siku ya maksi nilipata tisa. Mwenzangu wa chumbani, tuliyemwita Bosi, dada ambaye hata ukucha haukumkatika, akapata kumi na saba.

Nilimuuliza amefanyaje. Akainama, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda chake. Ndani ya oili nyeusi, yenye nywele na maganda ya karanga yanayoelea, kulikuwa na vyuma kama thelathini. Vinarithishwa, akaniambia, bila haya hata chembe. Wa mwaka wa tatu wanawaachia wa kwanza. Unasugua namba ya mwanafunzi wa zamani iliyogongwa juu, unagonga yako, ukishapata maksi unavirudisha. Oili ni ya kuzuia kutu. Darasa zima lilijua isipokuwa mimi. Nikatoka nikasimama kwenye korido nikimeza mate machungu. Hawa ndio watakaotutengenezea lifti za hospitali, nikasema. Hawa ndio tutakaowaita mainjinia. Kwa wiki nzima sikuweza kula meza moja na Bosi, maana kila akishika kijiko naiona ile oili.

Kabla ya kurudishwa nyumbani nikapewa nafasi ya mwisho, wiki tatu. Nikachukua vyuma vipya. Wiki ya kwanza nikakosea kona, nikaviharibu. Mjomba naye anapiga simu kila Jumapili, na swali lake, tangu nimsimulie kipimo cha dirishani, ni lilelile: mwanga bado unapita? Pale kibandani ameshawatangazia wateja kwamba mpwa wake anasomea mitambo. Nikifikiria kurudi kukaa naye pale mwaka mzima, watu wakiniuliza kulikoni, naokota tupa tena.

Wiki ya pili nikaingiza mkono kwenye ndoo. Oili ilinifika karibu na kiwiko, na kitu laini kikanigusa vidole, sikutaka kujua ni nini. Bosi alikuwa kitandani anapaka rangi kucha. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikachagua vilivyo bora kuliko vyote, vinavyoingiana utadhani ni chuma kimoja. Nikagonga namba yangu.

Mzee Milimita aliviinua dirishani. Mwanga haukupita. Lakini hakuandika kitu. Alivigeuza, akavipitishia kidole gumba, akawaambia wanafunzi wengine waliokuwa karakana wangoje nje.

"Wewe unatumia kushoto," akasema. "Mikwaruzo hii ni ya mtu wa kulia. Ni yangu. Nilivichonga miaka kumi na moja iliyopita viwe mfano wa darasa, vikaibwa. Tangu hapo nimevipa maksi mara tisa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nyongo ikanipanda. Kumbe anajua! Nikamuuliza, kama anajua, kwa nini anawapa watu kumi na saba. Akajibu huku akijifuta mikono kwa tambara kwamba zamani alikuwa anawakatalia, akaitwa ofisini, akaulizwa ana ugomvi gani na watoto wa watu. Sasa amebakiza miaka miwili astaafu. Aliyasema hayo kama anasoma ratiba. Nikamtazama, nikaona kinyaa kilekile cha ndoo.

"Kumi na saba ni ya kila mtu," akasema. "Wewe nilikupa tisa kwa sababu vyako ndivyo pekee nilivyovipima."

Akafungua droo, akaniwekea mezani vyuma viwili vipya. Zimebaki siku sita, akasema. Karakana ataniachia wazi kutwa, na nitakachochonga atakipima kwa haki. Kumi hakuniahidi. Kama sitaki, anaandika kumi na saba sasa hivi, yaishe.

Nilivitazama vile vyuma na kingo zake mbovu. Nikatazama viganja vyangu, na kucha ambazo oili ilikuwa bado haijazitoka. Tangu siku ya ndoo nilikuwa nimewawekea wenzangu maneno makali, mengine nimeyafanyia mazoezi bafuni.

"Andika tu, Mzee," nikasema.

Akaandika. Akavirudisha vile vyuma vipya kwenye droo, akaifunga.

"Ukifika bwenini vitie kwenye ndoo," akasema bila kuniangalia. "Wa mwakani watavihitaji."

Tangu siku hiyo hakuniita fundi tena.

Jumapili mjomba akapiga. Mwanga bado unapita? Nikamwambia hapana, mjomba, haupiti hata kidogo. Nikamsikia akiwageukia wateja kuwaambia, na mmoja wao akapiga makofi.