Firimbi ya Mogire

Ochoki, jirani yetu, alinifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa ndege, na usinicheke, maana nusu ya madereva wa huku kwetu Magwagwa walifunzwa hapo hapo. Uwanja wenyewe ni nyasi tupu, mrefu, umenyooka. Ndege huja mara moja moja, ikileta daktari au mwanasiasa. Siku nyingine zote uwanja ni wetu: watoto wanacheza mpira, Wasabato wanapiga hema za ibada zao za makambi, ng'ombe wanajishibia. Ubaya wake ni kwamba anayefunzwa hapo anajua kwenda mbele tu. Kona hajui, na gari la kumjia usoni hajawahi kuliona. Leseni nilikuwa nayo, lakini barabara niliiogopa, sifichi.

Mume wangu Mogire ndiye aliyeutunza uwanja huo tangu ujana wake. Alifyeka nyasi, na ndege ikisikika alikimbia na firimbi kufukuza mifugo na kusimamisha wapita njia. Tulijuana hivyo. Ng'ombe wa baba yangu aligoma kuondoka, Mogire akanipigia firimbi mimi badala ya ng'ombe, nami nikamtukana mpaka rubani aliposhuka akabaki kucheka. Mwaka uliofuata alileta mahari.

Siku hizi figo zake zimekataa kazi. Anasafishwa damu Kisii mjini. Job, aliyekuwa akituendeshea gari la mwanetu Ian, alipata kazi kwenye kiwanda cha chai Itumbe, akatuacha kwenye mataa. Tulijaribu kupanda matatu, Mogire alitapika njia nzima, akasema heri abaki nyumbani. Kubaki nyumbani ni kufa, na sote wawili tulijua.

Basi asubuhi ya kwenda hospitali nilimpakia garini, nikanyoosha kwanza hadi uwanjani, mbele tu ya nyumba yetu, niendeshe kidogo nipate moyo. Tukakuta mafundi wanasimika nguzo za ua.

"Mama, uwanja unapanuliwa," mmoja akaniambia. "Hapa hakuna mazoezi tena. Toeni gari, tunafunga."

Nilifika ukingoni mwa barabara, nikasimama. Bodaboda huku, lori la majani chai kule, kila mtu na haraka yake. Nyuma yetu fundi alikuwa anapiga kelele tuondoke.

"Baba Ian, siwezi," nikasema. "Turudi nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini?"

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, na hasira juu. Mogire hakunibembeleza. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa ile firimbi yake. Nilitaka kumkataza. Kanisani hata ubeti mmoja wa wimbo haumalizi siku hizi, pumzi zimemwishia. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akapuliza.

Ilikuwa sauti ile ile ya ujana wetu. Na watu wa huku wamekua nayo. Hakuna aliyeuliza ndege iko wapi. Bodaboda zikasimama. Lori likasimama. Mama mmoja akamvuta ng'ombe wake kando mbio mbio huku akiangalia juu.

"Njia ni safi," Mogire akasema, anahema. "Sasa ruka, Mama Ian."

Nikatia gia, nikakata kona yangu ya kwanza. Firimbi haikutoka mdomoni mwake mpaka Kisii.