Kisu Kando ya Neno

Ofisini kwetu, tunakotunga kamusi, neno la Kiingereza ambalo hakuna mtu aliye hai anayelitumia huwekewa alama ndogo yenye umbo la kisu. Ndiyo kusema limekufa. Anayetaka kulinusuru alete kadi: sentensi, jina la msemaji, tarehe na sahihi yake. Mhariri wetu, tunayemwita Nukta kwa ugomvi wake na alama za uandishi, hataki porojo. Anataka kadi.

Mimi nilipewa herufi U. Jumatatu nikafika kwenye "uprise": kitenzi cha kale, kuamka kitandani, kuinuka, jua kuchomoza. Roho ilinisuta, maana msemaji wake nilikuwa naishi naye. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama, Kiingereza chake alikitoa kwenye vitabu vilivyotafunwa na mende, na kila asubuhi ya utoto wetu aligonga ukuta mara tatu kwa fimbo, akatuamsha kwa neno hilo. Hata uzeeni alimwamsha hivyo hivyo binti yangu. Lakini nimlete baba yangu mzazi kuwa shahidi, Nukta anicheke? Niliona aibu. Nikaweka kisu, kwa penseli.

Jumanne Baba hakuamka. Macho wazi, akili timamu, miguu haitaki.

"Sijui nimepatwa na nini," akasema. "Nimesahau namna ya kuinuka."

Nilijiambia ni uzee. Hata hivyo nilipofika kazini nilikifuta kile kisu, na kabla sijakaa vizuri binti yangu, aliyekuwa likizo, akapiga simu: Babu yuko jikoni, anataka chai. Jioni nikampelekea Baba kadi, akatia sahihi bila kuuliza. Kesho yake Nukta aliisoma, akaguna, akaigonga muhuri.

Basi Baba akawa anaamka. Aliamka siku alipoacha kula. Aliamka siku mikono yake ilipopoa kama sakafu. Daktari alikuja, akaweka kipimo kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena, kisha akasema kimeharibika, atarudi na kingine. Hakurudi. Niliogopa, sikatai, lakini nilifurahi zaidi kuwa bado nina baba. Ndivyo nilivyokuwa mchoyo.

Asubuhi moja, nikimfunga vifungo vya shati, alinishika mkono.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Ofisini, Baba."

"Ichane."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuamka. Kila siku nalala nikidhani sasa nimepumzika, halafu nasikia navutwa." Hakuwa na hasira. "We niache nilale, mama."

Alikuwa ananiita mama tangu nikiwa mdogo, kila alipotaka nimsikilize. Nililia njia nzima. Niliichana kadi vipande vinne, nikaweka kisu tena, safari hii kwa wino.

Kulipokucha nilimkuta amelala chali, uso umelainika kuliko nilivyowahi kuuona. Nilimfumba macho, nikamfunika shuka hadi kichwani. Nilimwambia ahsante, nikarudisha mlango taratibu, nikaingia chumbani kwangu kumpigia kaka yangu.

Simu ilikuwa bado inaita niliposikia fimbo ukutani. Mara moja, mbili, tatu. Binti yangu, ambaye sikuwa nimemwambia chochote, amesimama kwenye korido anamwamsha babu yake kama babu alivyozoea kumwamsha yeye. Nilitupa simu nikakimbia, lakini nilichelewa. Alikuwa keshalitamka lile neno, lote, kwa sauti ya madaha kama ya mzee mwenyewe.

Nyuma ya mlango, kitanda kililia.

"Mama," binti yangu akasema huku anacheka, "Babu keshaamka."