Visenti vya Baba

Siku hizi senti hainunui hata njiti ya kiberiti, na bado hatujaiacha. Neno lenyewe ni la Kiingereza, ila tumelifuga mpaka limekuwa la nyumbani. Mtu akifilisika, hana hata senti. Akipata, ana visenti. Asikudanganye mtu kwamba visenti ni vichache. Baba yangu, fundi saa, alijenga nyumba kwa visenti, akatusomesha kwa visenti, na siku alipomnunulia mama friji alisema ameokota visenti njiani. Utadhani vinaota barabarani.

Kujigamba kwa fedha, kwake yeye, ni kujitafutia mikosi. Anayo, basi ni visenti. Ila akisema "hela ipo", mama alishatufundisha tujue hamna kitu, na wiki hiyo tutakunywa chai kavu.

Mwaka huu jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, apasuliwe mapema. Fundi saa asiyeona atafanya kazi gani? Mchana wa siku hiyo nikamfuata dukani kwake, nikamkuta anatafuta skrubu kwa kupapasa, huku akipiga mluzi ili nisishtukie. Nikamuuliza habari za malipo ya hospitali.

"Hela ipo, mwanangu," akasema. "Tele." Akarudia mluzi wake.

Hiyo "tele" hata mama hajawahi kuisikia. Nilimpenda na kumkasirikia kwa pamoja, mzee huyu anayefungua saa ndogo kuliko ukucha lakini hawezi kufungua mdomo aseme amekwama.

Mimi ni msusi. Nimedunduliza muda mrefu nipange chumba changu mwenyewe, nitoke kwenye saluni ya watu ninakosukia mlangoni mwa choo. Akiba ilikuwa imetimia, na mwenye chumba alikuwa akinisubiri jioni ile ile. Nilisimama pale nikakiona chumba kinaondoka, wala sikuumia. Uongo. Niliumia sana. Lakini chumba kitapatikana kingine, macho ya baba ni hayo hayo mawili.

Kazi ilikuwa kumpa. Ningetaja kiasi, angenifukuza dukani.

"Baba, na mimi nina visenti vyangu," nikasema. "Hospitali vitatosha."

Mluzi ukakatika. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua uzito wa neno hilo, na yeye ndiye aliyetulea nalo. Akaweka bisibisi chini taratibu.

"Si ndivyo vya chumba hivyo?"

"Visenti tu, baba."

Nilijiandaa kugombana naye, maneno yote nilikuwa nayo ulimini. Badala yake akainuka, akaishika meza yake ya kazi iliyokaa dirishani tangu mimi sijazaliwa, akaanza kuiburuta kuelekea ukuta wa nyuma, saa za wateja zikigongana kwenye droo. Nikamuuliza anafanya nini. Hakunitazama.

"Msusi anataka mwanga," akasema. "Kiti chako kitakaa hapa dirishani. Mimi wakishanipasua, hata huko kwenye kona nitaona."

Nikashika upande wa pili wa meza, tukaivuta pamoja.